Albamu za roki zavikwa sauti mpya, lakini kanda za Nairobi ziko wapi?

MTAA wa Karen, magharibi mwa jiji la Nairobi, ulianza kusikia muziki wa mashine miaka mingi iliyopita. Katika kitabu chake, Out of Africa, kilichochapishwa mwaka wa 1937, mwandishi Karen Blixen anasimulia jinsi rafiki yake, Denys Finch Hatton, alivyompa gramafoni alipokuwa akiishi katika shamba lake la kahawa chini ya milima ya Ngong.

Gramafoni ya enzi hizo ilikuwa na mlango mmoja tu wa sauti. Mwimbaji, fidla na kinanda vyote vilitoka mahali pamoja, kama watu waliosongamana kwenye lango jembamba.

Shamba hilo liliuzwa mwaka wa 1931 na kugawanywa kuwa viwanja vya makazi. Nyumba ya Blixen imekuwa jumba la makumbusho tangu mwaka wa 1986.

Leo, katika viwanja hivyo hivyo, mpenzi wa muziki aweza kuketi katikati ya sebule yake huku amezungukwa na spika sita, nane au hata kumi na mbili, kila moja ikitoa sauti yake. Mara nyingi anachosikiliza si muziki mpya. Ni albamu za roki za miaka ya 1960 na 1970 zilizochanganywa upya ili sauti imzingire msikilizaji badala ya kumjia kutoka mbele pekee.

Uraibu wa kukusanya matoleo haya umeenea duniani kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Hata hivyo, nyuma ya raha hiyo kuna swali linalowagusa Wakenya moja kwa moja: ni kwa nini muziki wa Uingereza na Marekani wa nusu karne iliyopita unaweza kufufuliwa hivyo, ilhali muziki uliorekodiwa Nairobi miaka hiyo hiyo haujapata bahati hiyo?

Ili kulijibu swali hilo, ni sharti kwanza kueleza jinsi sauti hiyo inavyotengenezwa.

Kutoka spika mbili hadi sita

Albamu ya kawaida ya stirio ina njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia. Mhandisi wa studio hupanga ala zote kati ya njia hizo mbili. Msikilizaji husikia bendi ikiwa mbele yake, kana kwamba ameketi ukumbini akitazama jukwaa.

Sauti ya kuzingira huongeza njia nyingine. Mpangilio uliozoeleka zaidi hujulikana kama 5.1. Tarakimu ya tano humaanisha spika tano kamili: moja ya katikati mbele, mbili za mbele upande wa kushoto na wa kulia, na mbili za nyuma. Tarakimu ya moja baada ya nukta ni spika kubwa ya sauti nzito pekee, kama vile mshindo wa ngoma kubwa na ngurumo ya gita la besi.

Mfumo mpya zaidi wa Dolby Atmos huongeza spika za juu, darini au karibu na dari. Hapo mhandisi anaweza kuuweka mwitikio wa waimbaji juu ya kichwa cha msikilizaji, au kulifanya gita lizunguke chumba kizima.

Lakini hakuna uchawi unaoweza kutenganisha kwa urahisi kile kilichokwisha kuchanganywa. Pilau ikishaiva, iliki na bizari haziwezi kurudishwa kila moja katika bakuli lake. Kanda ya stirio ni pilau iliyoiva.

Anachohitaji mhandisi ni kanda ya kwanza kabisa ya studio, ile yenye njia nyingi, ambayo gita liko kwenye njia yake, ngoma kwenye yake, na sauti ya mwimbaji kwenye yake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, studio kubwa za London na Marekani zilikuwa zimeanza kutumia kanda za njia nane na kumi na sita. Katikati ya miaka ya 1970, njia ishirini na nne zilikuwa jambo la kawaida kwao.

Kanda hizo ndizo zilizohifadhiwa katika maghala ya makampuni ya muziki. Ndizo pia zinazotolewa leo, kusafishwa, kunakiliwa katika kompyuta na kuchanganywa upya.

Mfano wa mwana wa Zanzibar

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki ni ule wa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, Septemba 5, 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake, ya jamii ya Waparsi, ilihamia Uingereza mwaka wa 1964 baada ya Mapinduzi.

Mnamo Novemba 1975, Queen walitoa albamu iitwayo A Night at the Opera, yenye wimbo maarufu wa Bohemian Rhapsody. Sehemu ya katikati ya wimbo huo inasikika kama kwaya kubwa, ilhali waimbaji walikuwa watatu tu: Mercury, Brian May na Roger Taylor. Walirekodi sauti zao tena na tena, tabaka juu ya tabaka, kwa majuma kadhaa.

Katika stirio, matabaka hayo yamebanwa pamoja. Mwaka wa 2002 albamu hiyo ilitolewa kwa mfumo wa 5.1 katika diski ya DVD-Audio. Hapo kwaya ile ya watu watatu inatawanyika chumbani: sauti nyembamba huku, nzito kule, moja ikiuliza kutoka mbele na nyingine ikijibu kutoka nyuma.

Msikilizaji aliyeujua wimbo huo tangu utotoni hugundua kwamba kumbe kuna sauti ambazo hakuwahi kuzisikia. Hiyo ndiyo raha inayowavuta wakusanyaji. Wimbo ni ule ule, lakini sasa wanaingia ndani yake.

Mfano wa pili ni The Dark Side of the Moon ya kundi la Pink Floyd, iliyotolewa Machi 1973. Milio ya saa nyingi inayoanza wimbo wa Time ilirekodiwa na mhandisi Alan Parsons kwa ajili ya kuonyesha uwezo wa sauti ya pande nne. Kwa hivyo, tangu mwanzo, sehemu ya albamu hiyo ilikusudiwa kumzunguka msikilizaji. Toleo la 5.1 lililochanganywa na James Guthrie lilitoka mwaka wa 2003.

Wa tatu ni In the Court of the Crimson King ya King Crimson, ya mwaka wa 1969. Mwimbaji na mhandisi Steven Wilson aliichanganya upya kwa 5.1 pamoja na mpiga gita wa kundi hilo, Robert Fripp, na ikatolewa mwaka wa 2009. Tangu hapo Wilson amefanya kazi kama hiyo kwa albamu za makundi ya Jethro Tull na Yes, na jina lake pekee kwenye jalada huwatosha wakusanyaji wengi kununua.

Vita vya diski

Wazo la sauti ya kuzingira si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, makampuni ya Marekani na Japani yalileta kwadrafoni, yaani mfumo wa spika nne. Uliporomoka kabla ya muongo huo kwisha.

Sababu zake zilikuwa wazi. Mteja alitakiwa kununua spika mbili zaidi na amplifaya nyingine. Juu ya hayo, makampuni hayakukubaliana juu ya mfumo mmoja, hivyo santuri ya kampuni moja haikusikika sawasawa katika mashine ya nyingine. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hapa alikuwa mnunuzi.

Kosa hilo lilirudiwa. Mwaka wa 1999, Sony na Philips walileta diski ya SACD. Mwaka uliofuata mahasimu wao wakaleta DVD-Audio. Diski hizi mbili zilifanana kwa umbo lakini mashine nyingi zilisoma moja tu. Wakati makampuni yakivutana, vijana walikuwa wakihamia kwenye faili ndogo za kompyuta na iPod, iliyozinduliwa mwaka wa 2001.

Diski zote mbili hazikuwahi kuenea madukani kama ilivyotarajiwa. Matoleo mengi yalichapishwa kwa idadi ndogo, na hayachapishwi tena. Ndiyo maana baadhi yake sasa huuzwa kwa bei inayozidi ile ya awali mara kadhaa.

Siku hizi diski ya Blu-ray ndiyo iliyoshika nafasi hiyo. Aidha, tangu Juni 2021 Apple Music imekuwa ikitoa nyimbo za Dolby Atmos kupitia intaneti, jambo lililowapa wasio na diski fursa ya kuonja sauti hiyo, hata kwa vipokea sauti vya masikioni.

Wakusanyaji, hata hivyo, hushikilia diski. Hoja yao ni kwamba sauti ya diski haijapunguzwa ili ipite kwenye mtandao, na kwamba kilichomo kwenye rafu hakiwezi kuondolewa usiku mmoja kwa uamuzi wa kampuni iliyo ng'ambo.

Hali ya mkusanyaji wa Karen

Kwa anayeishi Karen, uraibu huu una nafuu na taabu zake.

Nafuu ya kwanza ni nafasi. Nyumba nyingi za mtaa huo zimejengwa katika viwanja vikubwa, mbali na jirani. Spika ya sauti nzito inayoweza kumwamsha mtoto wa jirani katika fleti za Kilimani haileti ugomvi mkubwa katika nyumba iliyozungukwa na ua na miti.

Lakini nafasi pekee haitoshi. Sebule pana yenye kuta za mawe, sakafu ya vigae na madirisha makubwa ya vioo hurudisha mwangwi. Sauti iliyopangwa kwa uangalifu studioni huvurugika kabla ya kufika masikioni. Zulia nene, mapazia mazito na rafu iliyojaa vitabu husaidia zaidi kuliko kuongeza spika nyingine.

Mpangilio nao una kanuni zake. Spika za mbele za kushoto na kulia huwekwa kiasi cha nyuzi 30 kutoka katikati, na za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, yaani ubavuni na nyuma kidogo ya msikilizaji. Zote zafaa kuwa umbali ulio karibu sawa kutoka kitini. Wengi hukosea kwa kuzisukuma za nyuma hadi pembe za mbali za chumba, kisha wakalalamika kwamba hawazisikii.

Taabu kubwa ni upatikanaji. Diski hizi ni nadra katika maduka ya Nairobi, hivyo huagizwa kutoka Ulaya, Marekani au Japani. Gharama ya usafirishaji huongezeka, na mzigo ukifika huweza kutozwa ushuru pamoja na VAT ya asilimia 16.

Zaidi ya hayo, diski za DVD hugawanywa kwa maeneo ya dunia. Kenya imo katika eneo la tano, ilhali Uingereza imo katika la pili. Diski ya video iliyofungwa kwa eneo moja huenda isicheze katika mashine ya eneo lingine. Kwa Blu-ray mambo ni rahisi zaidi, kwa kuwa Afrika na Ulaya zote zimo katika eneo la B. Diski za SACD hazina mipaka hiyo kabisa.

Umeme pia wahitaji tahadhari. Mashine iliyotengenezewa Marekani hutumia volti 120, ilhali Kenya hutumia 240. Kuichomeka bila kifaa cha kupunguza nguvu ni kuiunguza. Vilevile, umeme unaokatika na kurudi kwa ghafla umeharibu amplifaya nyingi, hivyo kifaa cha kudhibiti umeme si anasa.

Jambo la mwisho kwa mnunuzi ni kusoma jalada kabla ya kulipa. Toleo la kweli hueleza kwamba limechanganywa kutoka kanda asili za njia nyingi na hutaja jina la mhandisi. Baadhi ya diski zinazoitwa za kuzingira ni stirio ya kawaida iliyotandazwa na kompyuta katika spika tano. Hizo ni pilau ile ile, imehamishiwa sahani kubwa tu.

Kanda zilizopotea

Hapa ndipo swali la awali linaporejea. Matoleo haya yote yamewezekana kwa sababu moja: kuna mtu aliyeitunza kanda ya kwanza.

Hata mataifa tajiri hayakuitunza kila wakati. Juni 1, 2008 moto uliteketeza jengo lililokuwa na kanda za kampuni ya Universal huko Hollywood. Ukubwa wa hasara haukujulikana kwa umma hadi Juni 2019, gazeti la The New York Times liliporipoti kwamba kampuni yenyewe ilikuwa imekadiria kupotea kwa takriban nyimbo 500,000. Universal ilipinga ukubwa wa hasara ulioelezwa. Kanda iliyoungua, hata hivyo, haichanganywi upya kwa mfumo wowote.

Nairobi nayo ilikuwa kitovu cha kurekodi muziki. Katika miaka ya 1960 studio ya Equator Sound ya Charles Worrod iliwarekodi kina Fadhili William, Daudi Kabaka na Fundi Konde. Katika miaka ya 1970 makampuni ya kimataifa yalikuwa na ofisi jijini, na wanamuziki kutoka Zaire na Tanzania walifunga safari kuja kurekodi hapa. Magita ya benga, rumba na fanki yalisikika kutoka mtaa wa River Road hadi mbali nje ya mipaka ya nchi.

Mengi ya makampuni hayo yalifunga au kuondoka baadaye, kanda bandia zilipofurika sokoni. Yalipoondoka, hapakuwa na ghala la taifa lililopewa jukumu la kupokea kanda zao.

Matokeo yake yanaonekana katika matoleo mapya ya muziki wa Kenya. Kampuni ya Soundway ya Uingereza ilipotoa mkusanyo wa Kenya Special mwaka wa 2013, wenye rekodi 32 za miaka ya 1970 na 1980, nyingi ya nyimbo hizo zilikuwa zimewahi kutolewa tu katika santuri ndogo za mizunguko 45, tena kwa idadi ndogo.

Kwa maneno mengine, kwa nyimbo nyingi za Kenya, santuri iliyobaki katika kabati la mtu ndiyo hifadhi yenyewe. Wauzaji kama Jimmy Rugami wa Soko la Kenyatta, karibu na barabara ya Ngong inayoelekea Karen, wamekuwa wakifanya kazi ya makavazi bila kuitwa hivyo. Kundi la Ketebul Music, likiongozwa na Tabu Osusa, limekusanya historia za wanamuziki na kuzitoa pamoja na rekodi zao, likianza na mradi wa benga mwaka wa 2008.

Kuna pia suala la sheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hivyo ulinzi wa rekodi iliyofanywa mwaka wa 1974 ulikwisha mwishoni mwa 2024, ingawa haki ya mtunzi wa wimbo huendelea hadi miaka 50 baada ya kifo chake. Kadiri miaka inavyopita, ndivyo wamiliki wa kanda wanavyozidi kukosa sababu ya kibiashara ya kugharamia utunzaji wake.

Matumaini ya mashine

Hata hivyo, si yote yaliyopotea. Katika miaka ya karibuni, wataalamu wamebuni programu za kompyuta zinazojifunza kutambua sauti ya gita, ngoma au mwimbaji, na kuzichomoa kutoka kwenye rekodi iliyokwisha kuchanganywa.

Mfano maarufu ni albamu ya Revolver ya The Beatles, ya mwaka wa 1966. Ilirekodiwa kwa kanda za njia nne, ala kadhaa zikibanwa katika njia moja. Mwaka wa 2022 mtayarishaji Giles Martin aliichanganya upya, ikiwemo kwa Dolby Atmos, akitumia programu iliyobuniwa na kundi la mwongozaji filamu Peter Jackson. Mwaka uliofuata, programu ya aina hiyo ilitumika kuichomoa sauti ya John Lennon kutoka kwenye kaseti ya nyumbani ili kukamilisha wimbo wa Now and Then.

Ikiwa kaseti ya nyumbani yaweza kutoa sauti safi, basi santuri ya mizunguko 45 iliyorekodiwa Nairobi nayo si ya kutupwa. Siku moja huenda msikilizaji wa Karen akaketi kati ya spika zake na kusikia gita la benga likimjibu mwenzake kutoka nyuma ya kiti, kama anavyosikia leo kwaya ya mwana wa Zanzibar.

Lakini hata mashine hizo zina sharti moja. Haziumbi wimbo kutoka hewani. Zahitaji nakala, na nakala iliyo bora kadiri iwezekanavyo. Santuri iliyokwaruzwa, kanda iliyoota ukungu na kaseti iliyoachwa juani katika kioo cha gari hazitoi matokeo sawa na zilizotunzwa.

Kwa hivyo mwenye sanduku la santuri za wazazi wake, awe Karen, Kisumu au Mombasa, afanye mambo matatu rahisi. Azisimamishe wima badala ya kuzilaza, aziweke mbali na jua na unyevu, na amruhusu anayejua kunakili azinakili kabla hazijauzwa kwa kilo. Wazungu walifufua albamu zao kwa sababu kanda zilikuwapo. Kwa Wakenya, mtunzaji wa mwisho huenda akawa mtu asiyejua kwamba anatunza kitu.